Saruji Si Dawa ya Kila Ukuta

Mwenye nyumba ya mawe akiona lipu imevimba chini ya dirisha, humwita fundi. Fundi hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, husikia mlio wa uwazi, na kabla hajauliza maji yanatoka wapi hukata shauri: lipu ya zamani ibanduliwe yote, ipigwe mpya ya saruji, ukuta usisumbue tena. Mwenye nyumba hukubali. Jirani yake alifanya hivyo, na shemeji yake vilevile. Kuanzia Malindi na Kiponda mjini Unguja hadi Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, watu wameshika kauli moja wala hawaihoji: saruji ndiyo nguvu, chokaa ni unyonge wa zamani.

Kauli hiyo ni ya makosa, na makosa yake yanaangusha nyumba. Saruji ina pahala pake, na hakuna anayedai maghorofa ya Kariakoo yajengwe kwa chokaa. Lakini kwenye nyumba iliyosimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lipu ya saruji haiponyi ukuta. Huficha maradhi, huyazidisha, kisha huyakabidhi kwa mrithi yakiwa yamefika kwenye boriti.

Ubishi huu hauamuliwi na mtu asiyejua ukuta wenyewe umejengwaje. Ukuta wa nyumba ya kale ya pwani una unene wa nusu mita au zaidi. Nyuso zake mbili ni za mawe yaliyopangwa, na katikati mmejazwa vipande vidogo vya mawe vilivyoshikwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Jiwe la tumbawe lina matundu, kwa hiyo hunywa maji. Chini hakuna karatasi ya nailoni wala tabaka lolote la kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, mara nyingi usiozidi mita 3. Juu ya boriti huja mawe bapa, na juu ya mawe sakafu ya chokaa na kokoto iliyopigwa kwa vipande vya mti siku kadhaa mfululizo, watu wakiimba, mpaka ikashikana.

Waashi walioijenga walijua kuwa ukuta wa namna hiyo utalowa. Kisiwa cha Unguja hupata mvua ya karibu milimita 1,600 kwa mwaka, na bahari iko hatua chache kutoka mlangoni. Hawakupoteza nguvu kutafuta ukuta usioingia maji. Walijenga ukuta unaolowa wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, maji yakitoka kwa mvuke kupitia lipu ya chokaa iliyojaa vijitundu visivyoonekana kwa macho. Usalama wote wa nyumba umo katika uwezo huo wa kukauka.

Hoja ya kwanza ya wapenda saruji ni kwamba chokaa haidumu. Hoja hii haistahimili hata safari moja ya kwenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 bado yamo ukutani na msikiti bado unasaliwa. Huko Kilwa Kisiwani, kuta za Husuni Kubwa, kasri la mwanzoni mwa karne ya 14, zimepigwa na upepo wa chumvi kwa karne kadhaa bila paa, na nyingine zimesimama mpaka leo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwenye mwamba wa matumbawe.

Saruji ya Portland ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuizalisha katika miaka ya 1950, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo saruji iliyotoka viwandani mwetu haijatimiza hata karne moja. Inayodaiwa kudumu ndiyo ambayo bado haijapitia mtihani wa muda. Inayodaiwa kuchoka imeshaupita zaidi ya mara moja.

Hoja ya pili ni ya nguvu, na ndiyo inayowavuta wengi. Ni kweli saruji ina nguvu kuliko chokaa. Mchanganyiko wa kawaida wa saruji na mchanga hupita megapaskali 10 bila taabu, ilhali chokaa safi hufika 1 au 2. Kosa liko katika kudhani kwamba kila kiungo cha ukuta kinapaswa kuwa kigumu kadiri inavyowezekana. Ukuta wa mawe haukai kimya. Ardhi hushuka kidogo, jua hupasha upande mmoja, boriti hupindika mzigo unapobadilika. Ukuta wa chokaa huyapokea mabadiliko hayo kwa kulegea kidogo katika maelfu ya viungo vyake, na nyufa nyembamba zinazojitokeza huweza kuziba zenyewe, kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena ndani ya ufa.

Saruji hailegei. Ikibanwa, ama hupasuka yenyewe kwa ufa mpana unaoingiza mvua, ama hulipasua jiwe lililo laini kuliko yenyewe. Ndiyo maana ukuta uliozibwa viungo vyake kwa saruji huonekana baada ya miaka ukiwa na mistari ya saruji iliyochomoza nje, mawe yenyewe yakiwa yameliwa na kurudi ndani. Fundi huyatazama mawe hayo na kusema yalikuwa mabovu. Mawe hayakuwa na ubovu wowote. Kiungo kinapaswa kuwa dhaifu kuliko jiwe, ili kikichakaa kibadilishwe kiungo, kwa kuwa jiwe halibadilishwi bila kubomoa.

Wengine hushikilia hoja ya tatu: ukuta unatoa jasho, basi uzibwe. Hapa ndipo hasara kubwa inapotokea, na mwenye nyumba anatakiwa kuelewa hatua kwa hatua.

Unyevu unapanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi. Zamani ulitoka kwenye lipu ya chokaa sentimita chache juu ya ardhi, lipu ikachakaa sehemu hiyo, ikapigwa upya. Likija tabaka la saruji kutoka sakafuni hadi kiunoni, njia hiyo inafungwa. Maji hayasimami kwa sababu njia imefungwa. Hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Baada ya misimu michache ya mvua, doa lililokuwa kwenye kifundo cha mguu liko kifuani. Mwenye nyumba humwita fundi tena, saruji hupandishwa mpaka darini, na sasa maji yamefika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti ya mkoko hudumu vizazi ikiwa kavu. Ikikaa majini huoza, na mchwa huja kumalizia. Wakati huohuo chumvi, ikikosa njia ya kutokea nje, huganda nyuma ya lipu, na fuwele zake hulisaga jiwe likawa unga. Lipu ya saruji ikianguka hatimaye, huanguka pande kubwa kubwa zikiwa zimeshika uso wa ukuta wenyewe. Ni sawa na kufunga bandeji ya nailoni juu ya kidonda chenye usaha: kwa nje pasafi, kwa ndani panaoza.

Rangi za plastiki zinazong'aa, zile zinazonadiwa kuwa zinazuia unyevu, hufanya kazi hiyohiyo ya kufunga njia. Vigae vya bafuni vilivyopandishwa ukutani navyo vimo katika hesabu hiyo. Inayozifaa nyumba hizi ni chokaa ya kupaka, inayotiwa upya kila baada ya muda kwa gharama ya ndoo, brashi na siku moja ya kazi.

Juu ya lipu kuna kosa kubwa zaidi: zege. Boriti zikioza, shauri la haraka ni kumwaga slabu yenye nondo juu ya kuta za kale. Slabu ni nzito, tena ngumu, na imewekwa juu ya kuta ambazo katikati yake ni vipande vilivyoshikwa kwa chokaa na udongo. Kuta hizo zilizoea sakafu inayocheza nazo. Sasa zimebebeshwa bamba lisilopinda. Zege likichanganywa kwa mchanga wa ufukweni, kama inavyotokea mara nyingi karibu na bahari, chumvi huanza kula nondo. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Vipande vyake huanguka chumbani, na mwenye nyumba aliyekimbia boriti za miti sasa ana chuma kinachooza mahali pasipofikika.

Kwamba chuma kinaweza kuvunja jiwe si nadharia ya vitabuni. Huko Athens, mhandisi Nikolaos Balanos aliitengeneza Akropolisi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa vibanio vya chuma, akiamini anaiimarisha kwa zana za kisasa. Wagiriki wa kale walipotumia chuma walikivika risasi. Yeye hakufanya hivyo. Kutu ilivimba, marmari iliyodumu zaidi ya miaka 2,000 ikapasuka, na tangu mwaka 1975 kamati maalumu imekuwa ikitoa chuma kile na kuweka titani. Kuitengua tiba ile kumechukua miaka mingi kuliko kuitia.

Watetezi wa saruji hupenda kusema kuwa chokaa ni mawazo ya watu wa makumbusho wasiotaka Waafrika waendelee. Nchi zilizoivumbua na kuisambaza saruji hiyo zinasema nini kuhusu nyumba zao wenyewe? Uingereza ina chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, na ushauri wake kwa wenye nyumba kongwe ni watumie chokaa. Nchini Marekani, mwongozo wa Idara ya Hifadhi za Taifa kuhusu viungo vya kuta za kale unaagiza kwamba mchanganyiko mpya uwe laini kuliko jiwe au tofali na upitishe mvuke kwa wepesi zaidi. Wao walianza kosa hili mapema, wakaliona mapema. Pwani ya Afrika Mashariki haina sababu ya kulirudia kwa gharama yake yenyewe.

Ipo hoja ya bei, na hii inastahili jibu la heshima, kwani wengi wa wakazi wa nyumba hizi si matajiri. Mfuko wa kilo 50 wa saruji unapatikana duka la kona. Chokaa inahitaji kutafutwa, kuzimwa, kulazwa na kungojewa. Kazi ya saruji huisha kwa siku chache. Lipu ya chokaa hupigwa kwa matabaka ya takriban sentimita moja, kila tabaka likingojwa lishike na kulindwa jua kwa magunia yaliyoloweshwa. Kwa siku ya kulipa, saruji ni rahisi. Lakini hesabu ya nyumba haifanywi kwa siku ya kulipa. Lipu ya saruji juu ya ukuta wenye unyevu itabanduka, na kila inapobanduliwa huondoka na sehemu ya ukuta. Anayepiga saruji mara tatu amenunua kazi tatu, akaongeza boriti zilizooza, na pengine amehamisha familia ili chumba kijengwe upya. Mbele ya hesabu hiyo, chokaa si ghali hata kidogo.

Malighafi nayo haiko mbali. Bamburi ilichimba mwamba wa matumbawe ya kale kutengeneza saruji yake; mwamba wa aina hiyohiyo ndio wazee walioupanga juu ya kuni katika tanuri na kuuchoma usiku kucha wakapata chokaa. Chokaa hupatikana kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Saruji hutaka nyuzi 1,450 au karibu na hapo. Ikishapigwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ya ukaa iliyoitoa tanurini na kurudi polepole kuwa jiwe. Asiye na tanuri karibu anaweza kununua chokaa ya mifuko, mradi iwe mpya na isiyoingia hewa, akailoweka mpaka iwe laini kama siagi. Uwiano wa sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi wa shambani unatosha kwa kuta nyingi. Penye maji mengi, unga wa tofali la kuchomwa huifanya ishike vizuri zaidi. Tahadhari moja haina mjadala: chokaa isiyozimwa huchemka ikiguswa na maji na huunguza macho na ngozi, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima.

Mafundi je? Husemwa wamekwisha. Hawajaisha, wamekosa wateja. Zahanati ya Kale, lile jengo lenye roshani za nakshi lililo mbele ya bahari huko Mizingani, Unguja, ilianzwa na Tharia Topan mwaka 1887, ikachakaa, kisha ikafufuliwa katika miaka ya 1990 na Shirika la Aga Khan la Utamaduni, na mafundi wa hapahapa walishika miko. Lamu nako wapo waashi wanaojua kupiga niru, ile lipu laini ya chokaa, hadi ukuta ukang'aa na kurudishia zidaka za ukutani zilizomeguka. Fundi hujifunza anacholipwa kukifanya. Kila mwenye nyumba anapoagiza saruji kwa mazoea, anamwambia kijana anayesaidia fundi kwamba ujuzi wa chokaa hauna chakula.

Haki inadai isemwe pia mahali saruji inapostahili. Nyumba ya matofali ya saruji itengenezwe kwa saruji. Na ipo mifano ya werevu: Askofu Edward Steere, mwanachuoni wa Kiswahili, alitumia kokoto za matumbawe na saruji kuezeka kuba refu la kanisa la Mkunazini, Unguja, katika miaka ya 1870. Paa lile lilipangwa hivyo tangu mwanzo na kuta zake zikaandaliwa kulibeba. Kinachopingwa hapa ni saruji inayobandikwa juu ya ukuta ambao haukuandaliwa kwa ajili yake, bila kuuliza swali lolote.

Na swali la kwanza lilipaswa kuwa: maji yanatoka wapi? Mara nyingi jibu halimo ukutani kabisa. Liko kwenye bati lililotoboka, kwenye mchirizi ulioziba kwa majani, kwenye bomba la choo lililopasuliwa njia ukutani miaka iliyopita, kwenye kiyoyozi kinachodondoka mahali pamoja mchana na usiku, kwenye uchochoro ulioinuliwa kwa zege hadi ukazidi kimo cha sakafu ya ndani. Mti mdogo ulioota juu ya ukuta hupasua viungo na kufungua njia ya mvua. Nyumba yenye paa zima na michirizi safi inaweza kuvumilia lipu mbovu kwa miaka. Nyumba yenye paa bovu haitaokolewa na lipu yoyote. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: paa, kisha michirizi na mabomba, kisha ardhi inayozunguka nyumba, kisha ukuta uachwe ukauke msimu mzima wa kiangazi, na mwisho kabisa lipu. Ufa nao haujazwi kabla ya kujulikana kama unaendelea. Kipande cha plasta kikibandikwa juu yake na kuandikwa tarehe, kikipasuka ndani ya miezi kadhaa, anayehitajika ni mhandisi, mwiko ungoje.

Anayedhani tahadhari hizi ni nyingi mno akumbuke Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, Unguja. Jengo hilo la Sultani Barghash la mwaka 1883 lilistahimili mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyolisambaratisha kasri la jirani. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa. Kati ya anguko la kwanza na la pili ilipita miaka minane. Nyumba za mawe hutoa taarifa mapema: kwa doa, kwa ufa, kwa tumbo la ukuta linalovimba. Maafa huja pale taarifa hizo zinapofunikwa au kungojeshwa.

Wajibu hauko kwa wenye nyumba peke yao. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za serikali au za wakfu, na nyingine zina warithi kumi wasiokubaliana nani alipe. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuezeka paa la wote. UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, lakini cheo hicho hakizibui mchirizi wa mtu. Mamlaka zinazotoa vibali vya ukarabati ziache kujiridhisha na nakshi za mlango na rangi ya nje, zikague kinachopigwa ukutani. Zifungue mashimo ya kuzimia chokaa na kuiuza kwa bei inayoshindana na mfuko wa saruji. Kamisheni ya Wakfu ianze na nyumba zake yenyewe. Vyuo vya ufundi viingize chokaa katika masomo ya uashi, kwa kuwa kijana anayehitimu Unguja, Mombasa au Lamu bila kuijua hajafundishwa kutengeneza nyumba za mji wake.

Masika yatarudi Machi. Kabla hayajafika, kila mwenye nyumba ya mawe apande juu ya paa lake, asafishe michirizi, ang'oe mimea iliyoota ukutani, na akimwita fundi amwulize maji yanatoka wapi kabla ya kumwuliza bei. Fundi akijibu kwa kutaja idadi ya mifuko ya saruji, atafutwe fundi mwingine.